MATOLEO YA KALE YA FALSAFA YA UPOSITIVISTI NA MKUSANYAJI WA KISWAHILI: MTAZAMO KUTOKA SULTAN HAMUD

IKISIRI

Makala haya yanachunguza umuhimu wa kukusanya matoleo ya kale ya vitabu vya falsafa ya upositivisti, pamoja na vitabu vya lugha na utamaduni wa Afrika Mashariki vilivyochapwa katika zama za falsafa hiyo. Yanaanza kwa kueleza upositivisti na historia ya uchapaji wa vitabu vyake vikuu. Kisha yanafafanua tofauti baina ya toleo, chapa na tafsiri, na kuvipima kwa kigezo hicho vitabu vitatu vinavyomhusu msomi wa Kiswahili aliye Ukambani: kazi za Krapf, Desturi za Wasuaheli na African Religions and Philosophy ya Mbiti. Hoja kuu ni kwamba toleo la kale ni ushahidi wa namna maarifa yalivyopangwa, hususan nani alihesabiwa kuwa mjuzi na nani alichukuliwa kuwa chanzo cha habari asiyestahili kutajwa. Mwisho, makala yanapendekeza mbinu za kukusanya, kuorodhesha na kutunza vitabu hivyo katika mazingira ya mji mdogo wa bara.

1.0 UTANGULIZI

Sultan Hamud ni mji wa Makueni ulio kando ya barabara kuu na reli ya zamani iendayo Mombasa, kiasi cha kilomita 110 kutoka Nairobi. Mji huu una jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1896 hadi 1902. Utawala wake ulikwenda sambamba na ujenzi wa reli hiyo, ulioanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Hivyo mji ulio katikati ya nchi ya Wakamba, na unaopakana na Wamaasai wa Kajiado, unaitwa kwa jina la mtawala wa visiwani. Jina lenyewe ni kumbukumbu ya njia ambayo Kiswahili, bidhaa na vitabu vilipitia kuingia bara.

Mtu anaweza kuuliza: mwanafunzi wa Kiswahili aliye katika mji kama huu ana haja gani na vitabu vikuukuu vya falsafa vilivyochapwa Paris au London? Swali hili ni la haki. Ukusanyaji wa vitabu vya kale umezoeleka kuwa mchezo wa matajiri wanaotafuta ngozi nzuri ya jalada na herufi za dhahabu. Makala haya hayatetei mchezo huo. Yanatetea ukusanyaji ulio sehemu ya utafiti, ambapo nakala hununuliwa, huazimwa au hunakiliwa kwa sababu ina jambo la kuthibitisha ambalo nakala ya baadaye haina.

2.0 UPOSITIVISTI NA VITABU VYAKE

Upositivisti ni falsafa inayodai kwamba maarifa ya kweli ni yale yanayotokana na mambo yanayoweza kuchunguzwa na kuthibitishwa. Mwasisi wake ni Mfaransa Auguste Comte (1798–1857). Kazi yake kuu, Cours de philosophie positive, ilitoka Paris katika majuzuu sita kati ya mwaka 1830 na 1842. Humo Comte alieleza kwamba fikra za binadamu hupitia hatua tatu: ya kwanza ni ya kidini, ambapo mambo huelezwa kwa miungu na roho, ya pili ni ya kimetafizikia, ambapo huelezwa kwa nguvu za dhahania, na ya tatu ni ya kisayansi, ambapo mtu huacha kutafuta asili ya kwanza ya vitu na kuchunguza kanuni zake.

Hatua ya kwanza yenyewe aliigawa mara tatu: kuabudu vitu, kuabudu miungu wengi na kuabudu Mungu mmoja. Ngazi ya chini kabisa, ile ya kuabudu vitu, ndiyo walimowekwa Waafrika na wasomi wengi wa karne ya 19. Kwa hiyo msomaji wa Afrika Mashariki anapoishika nakala ya Comte huwa ameshika kitabu ambacho tayari kimempangia mahali pa kukaa. Hili ni jambo la kulitazama kwa utulivu, kwa kuwa mpangilio huo haukuishia katika falsafa. Ulienea katika elimu ya jamii, katika masomo ya dini na katika maandishi mengi yaliyotungwa kuhusu watu wa bara hili.

Baada ya Comte, upositivisti uliendelezwa kwa njia mbalimbali. John Stuart Mill aliujadili katika Auguste Comte and Positivism (1865). Katika miaka ya 1920 wanafalsafa wa Duara la Vienna waliuunganisha na mantiki mpya, na Mwingereza A. J. Ayer akaueneza kwa Kiingereza kupitia Language, Truth and Logic (1936). Ayer alishikilia kwamba sentensi isiyo ya kimantiki na isiyoweza kuthibitishwa kwa uzoefu haina maana ya kweli wala ya uongo. Kwa kipimo hicho, kauli za dini na za metafizikia ziliondolewa kabisa katika uwanja wa maarifa.

Kwa mwanafunzi wa lugha, mfuasi wa Comte aliye muhimu kuliko wote ni Émile Littré. Huyu alikuwa mpositivisti na wakati huo huo mtunga kamusi. Kamusi yake kubwa ya Kifaransa ilianza kutolewa na Hachette mwaka 1863 na kukamilika katika muongo uliofuata. Sifa yake ni kwamba maana za maneno zimethibitishwa kwa mifano kutoka kwa waandishi, na kila mwandishi ametajwa kwa jina. Kwa Littré, neno lilikuwa tukio la kuthibitishwa, na uthibitisho ulihitaji shahidi. Kanuni hii itakumbukwa tutakapofika kwenye kamusi za Kiswahili.

3.0 TOLEO, CHAPA NA TAFSIRI

Kabla ya kukusanya, mkusanyaji hana budi kutofautisha istilahi tatu ambazo huchanganywa hata katika tasnifu.

Toleo ni maandishi ya kitabu jinsi yalivyopangwa na kuidhinishwa kwa wakati fulani. Maandishi yakibadilishwa, yakiongezwa au yakipunguzwa, hilo huwa toleo jingine. Chapa ni mara moja ya kupiga nakala za toleo lile lile. Kitabu kinaweza kuwa na toleo moja na chapa kumi. Tafsiri ni kuhamisha maandishi katika lugha nyingine, na mara nyingi huwa na historia yake ya matoleo na chapa.

Mfano wa Comte unaonyesha faida ya kutofautisha mambo haya. Tafsiri ya Kiingereza iliyojulikana zaidi ni ya Harriet Martineau, iliyotoka London mwaka 1853. Martineau hakutafsiri tu, alifupisha: majuzuu sita yakawa mawili. Comte mwenyewe aliupenda ufupisho huo, lakini msomi anayemsoma Comte kupitia Martineau anasoma maandishi yaliyochujwa. Akitaka kujua Comte alisema nini hasa kuhusu ngazi ya kuabudu vitu, na kwa urefu gani, atahitaji kurudi kwenye Kifaransa.

Hata huko kwenye Kifaransa, matoleo yanatofautiana. Toleo la pili la Cours, lililotoka mwaka 1864, lina dibaji ya Littré. Wakati huo Comte alikuwa ameshafariki, na Littré alikuwa amejitenga naye tangu miaka ya 1850, akikataa dini ya ubinadamu ambayo Comte aliianzisha katika miaka yake ya mwisho. Kwa hiyo mtu aliye na nakala ya 1864 amepata pia mlango aliojengewa na mfuasi aliyekubali nusu ya mafundisho na kuikataa nusu nyingine. Aliye na majuzuu ya 1830–1842 hana mlango huo. Nakala zote mbili zina thamani, ila kila moja inajibu swali lake.

Hali ni hiyo hiyo kwa Ayer. Toleo la pili la Language, Truth and Logic lilitoka mwaka 1946 likiwa na utangulizi mrefu ambamo mwandishi alirekebisha kanuni yake ya uthibitisho. Mwanafunzi anayeandika “Ayer (1936)” ilhali mkononi ana chapa iliyotokana na toleo la 1946 anaweza kumpa Ayer kijana maneno ya Ayer aliyekwisha kukosolewa. Kosa hili ni dogo kwa macho, lakini huvuruga historia ya wazo zima.

Namna ya kutambua toleo ni rahisi, mradi mtu awe na subira. Jambo la kwanza ni kusoma ukurasa wa jina na ukurasa wa nyuma yake, unaotaja mwaka wa kwanza wa kuchapishwa na miaka ya chapa zilizofuata. La pili ni kutazama tarehe iliyo mwishoni mwa dibaji, kwa kuwa dibaji ya zamani huweza kuachwa ndani ya toleo jipya. La tatu ni kuhesabu kurasa na sura, na kuzilinganisha na orodha ya maktaba kubwa. Jalada lisitumiwe kuwa ushahidi wa pekee, maana kitabu cha kale huweza kuvalishwa jalada jipya na jalada la kale huweza kushonewa kitabu kingine.

4.0 KUTOKA PARIS HADI UKAMBANI

4.1 Krapf na shahidi asiyetajwa

Johann Ludwig Krapf hakuwa mpositivisti. Alikuwa mmisionari aliyeamini wokovu, na Comte angemweka katika hatua ya kidini. Hata hivyo alifanya kazi katika karne iliyoamini kwamba kukusanya mambo yaliyothibitishwa, hata maneno, ni kujenga sayansi. Makueni na Kitui zinamhusu moja kwa moja. Krapf alisafiri Ukambani mwaka 1849 na 1851, akawa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi mashuhuri wa Kitui, na ni akiwa huko ndipo alipouona Mlima Kenya mwezi Desemba 1849.

Mwaka 1850 Krapf alichapisha Tübingen kitabu cha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki. Kiswahili na Kikamba vimo bega kwa bega katika kurasa hizo, pamoja na Kinyika, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Kwa mkazi wa Sultan Hamud anayezungumza Kikamba nyumbani na Kiswahili sokoni, kitabu hicho ni hati ya mapema ya ujirani wa lugha zake mbili.

Kamusi kubwa ya Krapf ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, baada ya kifo chake mwaka 1881. Toleo hilo hutumia vifupisho kuonyesha neno lililochukuliwa kwa Wazungu wenzake, kama vile Rebmann na Steere. Kifupisho cha aina hiyo ni chembe ya uthibitisho: msomaji anaelekezwa kwa shahidi. Lakini mashahidi wanaoelekezewa ni wakusanyaji. Wazungumzaji wa Mombasa na Rabai waliotamka maneno yenyewe hawakupewa vifupisho vyao. Littré alimpa neno la Kifaransa shahidi mwenye jina. Neno la Kiswahili lilipewa jina la aliyeliandika, na aliyelisema akabaki nje ya ukurasa.

Mwaka 1925 kamusi hiyo ilitolewa tena ikiwa imerekebishwa na kupangwa upya na Binns. Toleo la Binns ni rahisi zaidi kutumia. Hata hivyo, mtafiti wa historia ya msamiati wa Kimvita hawezi kulitumia badala ya lile la 1882, kwa sababu kupanga upya ni kuamua upya: nini kibaki, nini kiondoke, tahajia ipi ifuatwe. Baada ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, kazi ya usanifishaji ilielekea Kiunguja, na kamusi sanifu ya Johnson ya mwaka 1939 ilijengwa juu ya kazi ya Madan. Kadiri mtu anavyosogea mbele katika matoleo, ndivyo sauti za lahaja nyingine zinavyopungua. Anayetaka kuzisikia hana budi kurudi nyuma.

4.2 Desturi za Wasuaheli: jina lililohama

Mfano wa pili ni wazi zaidi. Mwaka 1903 kitabu Desturi za Wasuaheli kilichapishwa Göttingen chini ya jina la Carl Velten, mwalimu wa Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin. Maandishi yenyewe ni Kiswahili kilichoandikwa na Waswahili, na mhusika mkuu katika kazi hiyo alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha yake. Katika toleo la kale Velten ndiye mkusanyaji, na kwa mazoea ya zama zile mkusanyaji ndiye mwenye kitabu.

Mwaka 1981 tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilichapishwa California, na safari hii jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari liliingia katika anwani ya kitabu. Habari za ndoa, unyago, biashara na mazishi ni zile zile. Kilichobadilika ni jibu la swali la nani anajua. Mwaka 1903 Mtoro ni chanzo. Mwaka 1981 ni mwandishi.

Mtu akiwa na tafsiri ya 1981 peke yake, ataona heshima iliyorudishwa bila kuona ilivyokuwa imeondolewa. Akiwa na toleo la 1903 peke yake, anaweza kuendelea kunukuu “Velten” kana kwamba Mjerumani ndiye aliyeishi desturi hizo. Matoleo mawili yakiwekwa pamoja mezani, historia nzima husomeka bila maelezo mengi. Hii ndiyo faida ya mkusanyo uliopangwa: kitabu kimoja humsahihisha mwenzake.

4.3 Mbiti: mpositivisti kinyume chake

Mfano wa tatu unatoka Kitui kwenyewe. John Samuel Mbiti alizaliwa Mulango mwaka 1931 na kufariki Uswisi mwaka 2019. Kitabu chake African Religions and Philosophy kilitolewa na Heinemann mwaka 1969, na toleo la pili lililorekebishwa likatoka mwaka 1990. Anwani yake peke yake ni jibu kwa Comte na kwa Ayer: mambo mawili ambayo wapositivisti waliyatenga, dini na maarifa ya kifalsafa, yanasimama pamoja juu ya jalada.

Kwa taaluma ya Kiswahili kitabu hiki kina umuhimu wa pekee. Mbiti alipotaka kueleza dhana ya wakati kwa Waafrika, aliyaacha maneno ya Kiingereza na kuchagua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya istilahi za falsafa. Alidai kwamba katika fikra za jadi wakati una zamani ndefu na sasa, ilhali wakati ujao wa mbali karibu haupo. Alitegemeza dai hilo kwa ushahidi wa lugha, akichambua njeo za vitenzi katika Kikamba na Kigikuyu.

Hapa kuna jambo la kutafakari. Mbiti aliupinga mpangilio wa upositivisti, lakini alitumia kanuni yake ya msingi: dai lazima lionyeshe ushahidi unaoweza kuchunguzwa. Kwa sababu hiyo dai lake liliweza kupingwa kwa ushahidi wa aina ile ile. Mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye, kwa mfano, alitumia lugha ya Kiakan kuonyesha kwamba wakati ujao wa mbali una nafasi katika fikra za Waakan. Mjadala huo haujafungwa, na mtu anayefaa kuuendeleza ni msomi anayezungumza Kikamba. Msomi wa Sultan Hamud hahitaji kumtafuta mtoa habari. Anaweza kuanza na bibi yake, na safari hii bibi aandikwe jina, kwa ridhaa yake, katika tasnifu.

Lakini ili ampinge au amuunge mkono Mbiti kwa haki, ni lazima ajue anasoma Mbiti yupi. Hoja za wakosoaji wa miaka ya 1970 zililenga toleo la 1969. Anayezipima kwa kutumia toleo la 1990 anaweza kuona wakosoaji wameonea, ama mwandishi amejikanganya, wakati tatizo ni kwamba amechanganya matoleo.

5.0 MKUSANYAJI WA KENYA: JOSEPH MURUMBI

Wapo watakaosema kwamba kukusanya vitabu vya kale ni desturi ya ugenini. Historia ya Kenya inakanusha. Joseph Murumbi (1911–1990), aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikuwa miongoni mwa wakusanyaji wakubwa wa vitabu barani Afrika. Baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Alipoishi London katika miaka ya 1950 akipigania uhuru wa nchi yake, alinunua vitabu vilivyoandikwa kuhusu Afrika, na aliendelea kununua baada ya kurejea.

Serikali ya Kenya iliupata mkusanyo wake katika miaka ya 1970, na vitabu hivyo sasa vimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi. Idadi inayotajwa ni zaidi ya vitabu 8,000 vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900. Mtu anayetoka Sultan Hamud kwa matatu asubuhi anaweza kuingia katika jengo hilo lililo Moi Avenue na kurudi kwao siku hiyo hiyo.

Funzo la Murumbi lina pande mbili. Kwanza, alikusanya kwa kufuata somo. Vitabu vilivyoandikwa kuwahusu Waafrika vilikuwa vimetawanyika katika maduka ya Ulaya. Yeye aliviona kuwa ushahidi unaopaswa kuwa karibu na wanaoshuhudiwa. Pili, aliuacha mkusanyo mahali pa umma. Mkusanyo unaobaki kabatini mwa mtu mmoja hutawanyika kwa urahisi anapofariki, warithi wanapogawana wasichokijua thamani yake.

Tahadhari hii ina uzito zaidi kwa vitabu kuliko kwa vitu vingine vya kale. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inapofafanua kitu cha kale cha kulindwa, yaani kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, huvitoa vitabu na nyaraka katika fasili hiyo. Kigoda cha mwaka 1890 kinaingia katika fasili hiyo, nayo kamusi ya 1882 iliyowekwa juu yake haiingii. Ulinzi wa kitabu kilicho mikononi mwa mtu binafsi unategemea sana mkono huo wenyewe.

6.0 MBINU ZA KUKUSANYA NA KUTUNZA

Mwanafunzi wa kawaida hawezi kununua majuzuu sita ya Comte ya mwaka 1830. Wala hahitaji. Mbinu zifuatazo zinaweza kufuatwa kwa fedha kidogo.

6.1 Kuchagua uzi

Mkusanyo uanze na swali. Kwa mfano: “Ni nani anatajwa kuwa mjuzi katika vitabu vya lugha za Ukambani na pwani?” Swali hilo likishawekwa, orodha hujipanga: Krapf 1850 na 1882, sarufi ya Kikamba ya Last ya 1885, msamiati wa Kikamba na Kigikuyu wa Hinde wa 1904, kazi ya Lindblom kuhusu Wakamba ya 1916, Velten 1903, Mbiti 1969. Upande wa falsafa huongezwa Comte kwa ufupisho wa Martineau, Mill na Ayer, ambao chapa zao za baadaye hupatikana kwa bei nafuu.

6.2 Kutafuta

Wauzaji wa vitabu vya mitumba jijini Nairobi, wale wa kando ya njia ambao wakazi huwaita “inama” kwa kuwa mnunuzi huinama kuchagua, ni pa kuanzia. Ayer, Mill na Mbiti ni vitabu vilivyowahi kusomeshwa, na vitabu vya kusomeshwa huishia huko. Nyumba za walimu wastaafu na stoo za shule kongwe na makanisa zistahili kuulizwa pia. Makueni ilipokea wamisionari mapema: kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission kilianzishwa Nzaui mwaka 1895. Mahali palipofundishwa kusoma kwa zaidi ya karne moja hapakosi masanduku. Anayeuliza afike kwa adabu, aombe kuona kabla ya kuomba kununua, na asimlaghai mzee kuhusu thamani ya alicho nacho.

6.3 Nakala za kidijitali

Kamusi ya Krapf ya 1882 na vitabu vingi vya karne ya 19 vinapatikana bila malipo kwenye mtandao wa intaneti. Je, bado kuna haja ya karatasi? Kwa kusoma maandishi, picha ya kurasa inatosha, na mwanafunzi wa Sultan Hamud aihesabu kuwa sehemu halali ya mkusanyo wake. Kinachopotea ni habari za nakala husika: saini ya mwenyewe wa kwanza, muhuri wa shule, maelezo ya pambizoni yaliyoandikwa kwa penseli na msomaji wa kale. Maelezo hayo ya pambizoni yanaweza kuwa sauti pekee ya msomaji wa Kiafrika katika kitabu kizima. Nakala iliyotumiwa Ukambani ina historia ambayo nakala iliyopigwa picha Marekani haina.

6.4 Kuorodhesha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kitabu kiandikiwe: jina la mwandishi kama lilivyo kwenye ukurasa wa jina, anwani kamili, mahali, mchapishaji na mwaka, toleo na chapa, idadi ya kurasa na zilizokosekana, alama, saini na mihuri, mahali na tarehe kilipopatikana. Makala haya yanapendekeza safu moja zaidi ambayo orodha za kawaida hazina: safu ya mashahidi. Humo yaandikwe majina ya Waafrika wote wanaotajwa ndani ya kitabu kuwa walisimulia, walinakili, walitafsiri au walifundisha, pamoja na ukurasa. Pasipotajwa mtu, paandikwe kwamba hakutajwa mtu. Safu hiyo ikijazwa kwa vitabu ishirini tu, itakuwa imetoa data ya tasnifu.

6.5 Kutunza

Hali ya hewa ya Makueni ni kavu kuliko ya pwani, na hilo ni faida, maana ukungu hupungua. Maadui wa hapa ni mchwa, vumbi na jua. Rafu iwe ya chuma au iwe na miguu iliyoinuliwa, isiegemezwe ukutani, na ikaguliwe mara kwa mara. Kitabu kisikae palipo na jua la dirishani. Ukurasa uliochanika usibandikwe kwa utepe wa plastiki, kwa kuwa gundi yake huacha doa la kudumu. Alama zote ziandikwe kwa penseli.

Ifahamike pia kwamba uzee na udhaifu si kitu kimoja. Kabla ya katikati ya karne ya 19 karatasi nyingi za Ulaya zilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, na hudumu sana. Baadaye karatasi ya mti ilienea, na tindikali iliyomo huifanya iwe njano na kukatika. Kwa hiyo juzuu la Comte la mwaka 1830 linaweza kuwa imara kuliko kitabu cha Ayer cha 1936, na vitabu vya Kiswahili vilivyochapwa kwa karatasi duni katikati ya karne ya 20 ndivyo vinavyohitaji kuokolewa haraka zaidi.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba matoleo ya kale ya upositivisti na ya vitabu vya zama zake yana mafunzo mawili kwa taaluma ya Kiswahili. La kwanza ni la kuchukua: dai lisilo na ushahidi lisipokelewe, na ushahidi uonyeshwe ulikotoka. La pili ni la kurekebisha: wasomi wengi waliojifunga na kanuni hiyo hawakuitimiza kwa Waafrika. Waliwanukuu bila kuwataja, kisha wakawapanga katika ngazi ya chini ya maarifa ambayo wao wenyewe walisaidia kuyatoa.

Inapendekezwa kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vianzishe daftari la pamoja la vitabu vya kale vilivyo mikononi mwa watu, kila tawi likianza na eneo lake. Tawi la Ukambani lianze na mji wa Sultan Hamud na vijiji vya jirani. Vitabu vyenyewe si lazima vihame. Habari zake ndizo zinazohitaji kukusanywa. Inapendekezwa vilevile kwamba wahadhiri wawadai wanafunzi kutaja toleo walilolitumia katika kila tasnifu, na kwamba tasnifu zenyewe ziwataje watoa habari wanaoridhia kutajwa. Msomi wa kesho atakayezifungua kazi za leo zikiwa matoleo ya kale asikute tena safu ya mashahidi ikiwa tupu.